Mkaguzi wa Majani

Ukimwita daktari alisimama. Hata awe na haraka ya kwenda kanisani, hata jua liwe lile la saa saba linalowalaza mbwa wa mtaa wetu wa Wabera chini ya magari, alisimama, akageuka mzima mzima, akakusahihisha. Hapa Isiolo kila aliyewahi kula mshahara wa idara ya mifugo ni daktari. Hata dereva aliyebeba chanjo ni daktari mpaka kufa. Yeye hakutaka. "Mimi nilikuwa mkaguzi," alisema. "Daktari anatibu. Mkaguzi anaangalia." Basi sisi majirani tukamwita Mkaguzi, na niliona jina hilo limemkaa vizuri kama kofia yake ya zamani.

Nilipanga nyumba iliyoshikana na yake mwaka nilioletwa kufundisha shule ya msingi, nikitoka nyumbani Meru, na nikakaa pale miaka kumi na miwili. Ukuta mmoja tu ulitutenganisha. Nilimjua kwa kikohozi chake cha asubuhi na kwa redio aliyoifungua wakati wa habari tu, lakini zaidi nilimjua kwa baraza yake. Aliizungushia neti ya kivuli, ile nyeusi ya kufunikia miche, na ndani yake, katika mikebe ya rangi, ndoo zilizopasuka na sufuria zilizotoboka, alikuwa na mimea zaidi ya sitini. Yote ilikuwa ya majani, si ya maua. Mengine yalikuwa ya kijani yenye michirizi ya rangi ya fedha, mengine yamenyunyiziwa madoa ya waridi, mengine mekundu pembeni kana kwamba yamechovywa kwenye wino. Mengi yalikuwa ya ukoo mmoja, aglonema, machotara yaliyozalishwa na watu wa nchi za mbali kwa kuchanganya hiki na kile mpaka wakapata rangi wanayoitaka. Mgeni aliona mikebe kumi ya mmea mmoja, akauliza mbona amerudia.

"Nimerudia wapi?" Mkaguzi aliuliza, tayari ameinuka. "Njoo. Njoo hapa uonyeshe mahali nimerudia."

Mimi mwenyewe nilipitia darasa hilo wiki yangu ya kwanza. Alinisimamisha mbele ya mikebe miwili. Jani la kwanza lilikuwa la fedha lenye mabaka ya kijani. La pili, kwa macho yangu, lilikuwa la fedha lenye mabaka ya kijani.

"Huyu ni Malkia," alisema. "Huyu ni Mfalme. Nani ni nani?"

"Si umeniambia sasa hivi?"

"Geuka."

Niligeuka. Nikasikia mikebe ikisuguana sakafuni.

"Haya, angalia. Nani Malkia?"

Nilionyesha wa kushoto. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyeletewa habari za ajali. Kisha akanishika mkono, akanipitisha kidole kwenye kikonyo, kile kijiti kinachoshika jani kwenye shina. "Usianze na rangi. Rangi inadanganya. Anza hapa. Mfalme kikonyo chake kina madoadoa, tena jani lake ni pana. Malkia ni mwembamba, na kikonyo chake ni kijani tupu." Akanigeuza tena. Tulirudia mpaka nikapata mara tano mfululizo, na chai aliyokuwa ameniitia ikawa imepoa kabisa.

Alikuwa na maneno yake machache, na hakuona haya kuyarudia. "Usiniambie 'kama'," alisema mtu akidai mmea fulani ni kama ule mwingine. "Ni yeye ama si yeye." Na lingine, alilolisema kwa sauti ya chini: "Ukiangalia mara ya kwanza, unaona unachotaka kuona."

Macho hayo aliyapata kazini. Kabla mifugo haijasafirishwa kutoka huku kwenda kuuzwa, lazima iandikiwe kibali, na kazi yake ilikuwa kukaa katika vumbi la zizi na kuandika sura ya kila mnyama: pembe, masikio, baka liko bega gani, mkia una weupe wapi. Watu wake ni wafugaji wa Kiturkana, na mtoto wa mfugaji huyajua mambo hayo kabla hajajua kusoma. Yeye alikuwa na vyote viwili, macho ya nyumbani na kalamu ya serikali. Alistaafu akiwa na macho makali na hana kitu cha kuyaangalizia. Ndipo siku moja, akisubiri kwenye ofisi fulani mjini, akaona mmea kwenye pembe ya chumba, jani lake limepigwa mabaka kama ndama. Alisema alikaa pale akiliangalia mpaka akaitwa jina mara tatu.

Na hapo inafaa niseme kwamba mtu huyu, aliyenifokea mwaka mzima kwa kusema "kama", alianza ufugaji wake wa majani kwa wizi. Alivunja tawi la mmea ule wa ofisini, akalificha ndani ya kofia, akaivaa kofia, akatoka akiwasalimu askari wa mlangoni. Alinisimulia bila aibu hata kidogo. Mwaka uliofuata alirudi pale na mmea mzima, ulioshiba, kwenye mkebe uliopakwa rangi ya samawati, akauweka kando ya mama yake, akaenda zake. "Niliazima," alisema.

Jamaa zake wakija kutoka Kipsing, kwao malishoni, walikaa kwenye baraza ile kwa mashaka. Walikuwa watu wa mbuzi na ng'ombe, na hawakuelewa. Namkumbuka mzee mmoja aliyezunguka mikebe yote, mikono nyuma, kama mnunuzi, kisha akauliza, "Hii inaliwa?"

"Hapana."

"Mbuzi anakula?"

"Akikula mdomo unawaka."

"Ni dawa?"

"Si dawa."

"Sasa unafuga ya nini?"

Mkaguzi alifikiri kidogo. "Ya kuangalia," akasema. Mzee yule akaketi. Alipokuwa akiondoka jioni nilimwona amechutama mbele ya jani moja lenye madoa ya waridi, uso umekaribia kuligusa.

Kwa upande wa watu, macho yale makali hayakumfaa kitu. Hakushika sura. Mume wangu alimsalimu kila asubuhi kwa miaka miwili, na kwa miaka miwili Mkaguzi alimdhania msoma mita wa maji. Alimlalamikia juu ya mfereji uliokauka, akamwambia awaeleze wakubwa wake. Mume wangu, ambaye ni fundi wa pikipiki na mtu wa mzaha, alijibu, "Nitawaambia, mzee," na kila wiki akamletea jibu jipya la uongo. Siku nilipomfichulia, Mkaguzi alimwangalia kutoka viatu hadi nywele, akaniuliza, "Una hakika?"

Na juu ya maji hakuwa na utani. Maji ya visima vya huku yana chumvi, na chumvi huunguza ncha za majani yale ya kigeni. Kwa hiyo alikinga mvua. Alikuwa na pipa moja chini ya ukingo wa bati, na pipa lile lilikuwa takatifu. Mwaka wa ukame mkali, tulipokuwa tukifuata maji kwa mikokoteni, kuna waliosema mlangoni pake, kwa sauti ya kusikika, kwamba watu wanakosa ya kupikia na mtu mzima ananywesha maua.  Asubuhi iliyofuata tulikuta pipa limeburutwa mpaka langoni, na kata ya kuchotea imening'inizwa. Nusu ya mimea yake ilikufa mwaka ule. Aliing'oa mmoja mmoja, akiutaja kila mmoja kwa jina lake, na kwa siku kadhaa hakufungua redio.

Lakini usimwombe tawi. Hapo alikuwa mchoyo wa kupindukia. Wakubwa wa ofisi walimbembeleza, wanawake wa kanisani walimbembeleza, akasema mmea haujawa tayari, au mwezi si mzuri, au atatafuta mkebe. Aliona afadhali tawi liozee mkononi mwake kuliko liende kwa mtu atakayeliita jina lisilo lake. Ila ukifiwa, siku ya tatu au ya nne baada ya mazishi, ukifungua mlango utakuta mmea kwenye ngazi, umepanguswa vumbi, na karatasi iliyoandikwa jina la mmea na maneno "maji kidogo, Jumatano". Hakubisha hodi. Mama yangu alipokufa niliukuta wangu. Nilikaa kwenye ngazi nikauangalia kikonyo: madoadoa. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Mfalme," na kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia mtu amekohoa.

Mtu aliyemvumilia kuliko wote ni Mama Halima. Mama Halima aliuza mimea kando ya barabara kule Bulla Pesa, chini ya mwavuli wa rangi nyingi, mimea inayoletwa kwa pikapu kutoka sehemu za baridi. Kwa sababu wateja walikuwa wameshasikia jina la Malkia, yeye aliita kila kitu Malkia. Kila Jumamosi Mkaguzi alifika pale kwa miguu.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Umekuja kuniharibia kazi."

"Huyu si Malkia."

"Ni dada yake."

"Hata dada hana."

Siku moja alimfukuza na ufagio mbele ya wateja, nao wakamshangilia. Jumamosi iliyofuata akarudi, akasimama mbali kidogo na urefu wa ufagio, akasema, "Yule wa mwisho pia si Malkia." Mama Halima alisema alicheka mpaka akakaa chini.

Nafika sasa kwenye jambo ninaloliona gumu kulisimulia, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Nilinunua mmea kwa Mama Halima. Ulikuwa mkubwa, wa majani mapana yenye weupe katikati, na bei nzuri, nikauweka sebuleni kwenye stuli ya kusomea, nikiwa na fahari kwamba safari hii nimejichagulia mwenyewe. Mkaguzi alikuja kuazima kiberiti, akauona akiwa mlangoni.

"Hiyo umeambiwa ni nini?"

"Malkia," nikasema, nikijua ananitega. "Najua si Malkia. Ni aglonema nyingine."

"Si aglonema kabisa. Angalia shina, nene hivi, lina pete kama muwa. Hiyo ni difenbakia." Alikuwa ameacha kutabasamu. "Mwalimu, iweke juu. Una mtoto."

Nilisema nitaiweka. Nilikuwa nasahihisha mitihani, na nilidhani ni yale yale yake ya majina. Niliona mtu anayejali zaidi jani linaitwaje kuliko linavyopendeza. Mmea ukabaki kwenye stuli.

Binti yangu Kendi alikuwa na miaka miwili na nusu. Ilikuwa likizo, saa tisa mchana, nami nilikuwa nikianika nguo uani. Nilisikia mlio ambao si kilio. Nilipoingia alikuwa ameketi chini ya stuli, kipande cha jani mkononi, mate yanamtoka, mdomo umefura, na anafungua kinywa kuniita lakini sauti haitoki. Mtoto wangu, ambaye alikuwa akisikika mpaka msikitini, hana sauti. Nilimbeba, nikang'oa jani, sijui kwa nini nilikumbuka kulichukua, nikakimbilia mlango wa pili.

Mkaguzi alilitazama jani mara moja tu.

"Difenbakia," akasema. "Mpanguse mdomo. Maji baridi, asukutue, usimtapishe. Naita boda."

Tulipanda pikipiki moja watu wanne, mwenye boda mbele, Kendi katikati yangu na Mkaguzi, na kofia ya mzee ikaruka njiani asigeuke kuitazama. Hospitalini kijana wa zamu aliangalia kinywa cha mtoto, akaniuliza kama alimwagikiwa uji wa moto. Nikaanza kujieleza, nikaanza kulia, maneno yakachanganyika. Mkaguzi akasonga mbele, akaweka jani mezani, ndani ya mfuko wa nailoni.

"Ametafuna hii. Difenbakia. Inafurisha ulimi na koo. Si uji, si mzio wa samaki, ni hii. Angalia koo yake kwanza, kijana wangu, angalia kama anapumua vizuri, halafu tutaandika jina."

"Una hakika, mzee?"

"Nina hakika."

Sijawahi kusikia maneno mawili yenye uzito kama yale. Yule kijana aliacha kalamu, akaita wenzake. Walimpa Kendi dawa, wakamweka mahali pa kumwangalia kila baada ya muda mfupi, na Mkaguzi akakaa kwenye benchi la nje, bila kofia, kichwa chake cheupe kikionekana kidogo kuliko nilivyokifahamu. Kesho yake asubuhi Kendi aliomba chapati, kwa sauti ya kukwaruza. Siku iliyofuata tulirudi nyumbani.

Nilingoja aniambie kwamba aliniambia. Nilijitayarisha kabisa. Nilijua nitalia na kukubali. Hakusema siku ile, wala mwezi ule, wala miaka yote iliyofuata. Alichofanya ni kuja na mbao mbili, nyundo na misumari iliyopinda, akaniomba ruhusa ya kupigilia rafu ukutani, juu, mahali hata mimi nahitaji kiti kufika. Mkono wake haukujua useremala. Rafu ilikaa upande, kitu chochote cha mviringo kiliteremka chenyewe. Alipokuwa akipigilia msumari wa mwisho, bila kunitazama, alisema, "Niliiona. Ningeiinua mwenyewe. Nilikuwa na mikono." Nikaelewa kwamba siku zote zile alikuwa akijilaumu yeye.

Kisha akaenda Bulla Pesa, ingawa haikuwa Jumamosi. Mama Halima alikuwa amesikia na hakuwa amefungua biashara. Alikuwa ameketi katikati ya mimea yake, amejifunika uso. Watu wengine walikuwa wamemtukana asubuhi ile, na wengine wamesema apelekwe kwa chifu. Mkaguzi aliketi naye chini. Baada ya muda akatoa mfukoni vipande vya plastiki alivyokata kutoka kwenye madumu ya mafuta, na kalamu nyeusi ya wino usiofutika, nao wakaanza, mmea mmoja baada ya mwingine. Yeye alitaja, Mama Halima akaandika. Kila difenbakia ikaandikwa kwa herufi kubwa: SI YA KUTAFUNA. MBALI NA MTOTO. Tangu siku ile Mama Halima hakuchomeka kibao chochote mpaka Jumamosi ifike, na ukimwuliza mmea jina alikwambia, "Ngoja mzee wangu aje."

Mkaguzi alikosea pia, sitaki uone alikuwa malaika. Kwa miaka sita alishikilia kwamba mikebe miwili ya karibu na mlango ni aina mbili tofauti, akatoa sababu zake, akanifundisha. Kisha fundi alipokuja kurekebisha bati ikabidi mikebe ihamishwe, ikakaa pamoja mahali pamoja kwa miezi. Majani mapya yakatoka, yote sawa. Tofauti aliyoiona ilikuwa ya jua na kivuli tu. Alikaa mbele ya mimea ile siku nzima. Jioni aliniita, akanionyesha. "Mmoja," akasema. Akarudia, kwa sauti ambayo sikuielewa wakati ule, "Mmoja, na mimi naapa ni wawili." Nilicheka, nikadhani naye atacheka.

Baadaye nilihamishiwa shule nyingine, njia ya kwenda nyumbani Meru, tukawa tunaonana likizo. Alizeeka ghafla, kama wanavyozeeka watu wembamba. Alifariki mwaka jana, na mimea yake iko kwa Mama Halima, kila mmoja na kibao chake, na haiuzwi. Lakini sitaki kusimulia mazishi. Nataka kusimulia siku ya likizo ya Agosti, miezi michache kabla, aliponipigia simu na kuuliza kama pikapu ya mume wangu inaweza kufika Kipsing.

"Inafika," nikasema. "Kuna nini, mzee?"

"Kuna mtu."

Nilimkuta amevaa koti lake la kanisani, mkongojo mkononi. Hakubeba kitu. Nikauliza kama hatuchukui sukari na majani ya chai, kama mtu anavyokwenda kwa watu.

"Siendi kusalimia," alisema. "Naenda kusema."

Akanisimulia njiani, mimi nikiendesha, vumbi likiingia madirishani. Alipokuwa kijana kazini, mtamba wa mtu, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, aliibwa, na mtamba wa namna ile akaonekana katika zizi la kijana mmoja wa upande ule. Kijana akasema ni wake, alimlea tangu ndama. Wazee wakakaa, wakamwita mkaguzi, kwa sababu ndiye aliyeandika sura ya yule aliyepotea. Alimtazama mnyama: mweupe, baka jeusi kwenye paja la kushoto, sikio limekatika ncha. Akasema mbele ya wote kwamba ndiye, ana hakika. Kijana akaitwa mwizi. Akatozwa mifugo karibu yote ya nyumba yao, na watu wa msichana aliyekuwa amemposa wakamrudishia mahari yake. Miaka miwili baadaye, katika mnada wa mbali, Mkaguzi alimwona yule mtamba aliyeibwa hasa, sasa ng'ombe mzima, baka lake limeshuka mpaka kwenye goti, tofauti na la yule wa kijana. Akajua pale pale.

"Ukafanya nini?" nikauliza.

"Nikaandika kibali," alisema. "Nikanyamaza. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na cheo kilikuwa kinakuja. Nikasema mwaka ujao. Na ule uliofuata pia nikasema hivyo."

Tulimkuta mtu mwenyewe karibu na kisima, mwanaume mrefu, naye sasa mzee, amevaa kofia ya manyoya licha ya joto. "Ejoka," Mkaguzi alimwamkia, na yeye akaitikia, akisubiri mgeni ajitambulishe. Mkaguzi hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alisema yote amesimama, polepole, kwa Kiturkana, nami nikaelewa kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusimuliwa.  Alipomaliza, yule mwanaume akasema kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie:

"Mama yangu amekufa akiniita mwizi."

"Ndiyo," Mkaguzi akasema.

"Umechelewa."

"Ndiyo, nimechelewa." Hakutoa sababu hata moja. Akauliza, "Waliokuwa wamekaa siku ile, nani yuko hai?"

Mwanaume akataja watatu. Mkaguzi akaniomba nibaki na gari, lakini nilimfuata, na mwanaume yule naye akatufuata kwa mbali, kama mtu anayekwenda zake. Boma la kwanza, mzee kipofu alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Haya." Boma la pili aliyetajwa alikuwa mgonjwa, amelala, akamshika Mkaguzi mkono. La tatu lilikuwa la bibi mmoja, mjane wa mzee aliyeongoza kikao kile, naye alikuwapo siku ile, lakini masikio yake hayakusikia tena vizuri. Alikuwa nje, akichambua mboga kwenye ungo, na kisima kikiwa hapo hapo chini, kimejaa wanawake na vijana wenye punda.

Mkaguzi alisema neno lake.

"Nini?" bibi akauliza.

Akasema tena, kwa nguvu zaidi.

"Sema vizuri! Ng'ombe gani?"

Mkaguzi akauegemea mkongojo, akavuta pumzi, akapaza sauti ambayo sikuwahi kujua anayo. "Nilikosea! Yule mtamba hakuwa wa wizi! Alikuwa wake! Mimi nilikosea, na nilijua, na nilinyamaza!"

Kisimani watu waliacha kuteka. Punda mmoja alilia. Bibi alikuwa ameshika kiganja sikioni, uso umebadilika, na nikajua amesikia.  Nikamsogelea Mkaguzi nimshike mkono, nikidhani yamekwisha.

Yule mwanaume alikuwa amesimama nyuma yetu. "Sema tena," akasema. "Hujataja jina langu."

Mkaguzi akageuka, akamwangalia usoni. Kisha akageukia kisima, akalitaja, jina lake na jina la baba yake, yote mawili, kwa sauti ile ile, na maneno yote tangu mwanzo. Na yule mwanaume akavua kofia yake ya manyoya, akaishika kwa mikono miwili, akasimama wima akisikiliza mpaka mwisho.